Kaka yangu alirudi kutoka Somalia lakini ni kama alirudi mtu mwingine, nifanyeje?

#1 Kadogo_Umoja
Hamjambo wakubwa. Nina miaka 16, niko Fomu Tatu, naishi Umoja na mamangu na kaka yangu. Kaka ana 29. Alikuwa jeshi, alienda Somalia mara mbili, na alitoka jeshini mwaka jana. Kambi ama kikosi tafadhali msiniulize.

Yeye ndiye alinilea, babangu alikufa nikiwa mdogo. Karo tangu darasa la nne ni yeye, viatu vya shule ni yeye, baiskeli alinifunza yeye pale uwanjani akinishika kiti kwa nyuma. Alikuwa mtu wa kuchekesha, akija livu tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Sasa haongei. Analala sebuleni chini kwa sakafu, kochi liko hapo lakini hataki, mgongo kwa ukuta uso kwa mlango, na viatu amevaa. Amefunga mpaka kamba. Kifuniko cha sufuria kikianguka anaruka halafu anakasirika na mimi vibaya sana. Mwaka mpya walipopiga fataki mtaani aliingia bafuni na hakutoka mpaka asubuhi. Jirani akichoma nyama anatoka anaenda kutembea mpaka giza liingie.

Juzi saa tisa usiku niliamka kuchukua chaja, ilikuwa kwa soketi karibu na kichwa chake. Niliinama tu. Nikajipata niko chini mkono wake uko kwa shingo yangu, na macho yake yalikuwa wazi lakini si mimi alikuwa anaona. Nikamuita lile jina mamangu humuita la utotoni, mara tatu, ndio akaachilia. Akarudi kwa kona akalia, sijawahi kumuona akilia hata siku ya matanga ya baba. Mamangu hufanya kazi usiku hakuwa. Nimemwambia ni mlango wa kabati ulinigonga, na navaa sweta ya kola hata na hili joto.

Nataka kujua, huu ni ugonjwa gani, na kuna kitu mimi nafanya ndio anakuwa hivi?

#2 Mama_Chapo
Aki mtoto wangu pole. Wewe hujafanya kitu. Hujafanya kitu kabisa. Nimesoma nikaacha unga kwa meza.

#3 Wakili_wa_Mtaa
Pole dada. Hiyo ni PTSD, hakuna kingine. Vijana wetu wameumia tangu KDF, jeshi letu la Kenya, waingie Somalia 2012 na watu hawataki kuongea juu yake. Kumbukeni Kulbiyow 2016. Mtu anatoka huko anaingia matatu ya kwenda Umoja kesho yake kama alikuwa ameenda shamba wikendi.

#4 KobeMzee
Wakili nakurekebisha kidogo. Waliingia Oktoba 2011, ile operesheni ya Linda Nchi. 2012 ndio waliunganishwa na AMISOM, kile kikosi cha Umoja wa Afrika, na mwaka huo huo Kismayu ikachukuliwa. El Adde ndiyo 15 Januari 2016, Kulbiyow ni 27 Januari 2017. Hizi tarehe zina watu ndani, tusizichanganye.

Mimi nilitumikia, sasa nimestaafu. Kadogo, acha nikuambie kuhusu viatu. Kambi zetu za El Adde na Kulbiyow zote zilivamiwa na Al-Shabaab alfajiri. Si lazima kaka yako awe alikuwa huko, sisi wote tulisikia, na ukishasikia kama hiyo ukiwa kambini unalala na viatu. Saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja, mwili unakataa kabisa usingizi maana huo ndio wakati wao. Wewe ulienda kuinama juu ya kichwa chake saa hizo. Kwa mwili wake haukuwa sebuleni Umoja. Sisemi ni makosa yako, nakueleza tu kilichotokea ili usikae ukifikiria alitaka kukuumiza.

#5 NesiZamuUsiku
Habari zenu. Kadogo mimi ni nesi, naomba usome hii mpaka mwisho.

Kwanza mamako aambiwe leo. Usingoje atulie, usingoje mitihani. Shingo si mahali pa kufanya siri, na kama kumeza kunauma ama sauti imebadilika uende hospitali uangaliwe, hata kama ni siku mbili zimepita. Kumwambia mama si kumshtaki kaka. Kaka mwenyewe aliogopa ndiyo maana alilia.

Pili, mtu akiwa amelala hivo usimguse na usiinamie. Washa taa kwanza, simama mlangoni, ita jina, ngoja ajibu. Chaja ihame kwa chumba chako leo.

Tatu, jina la kitu: kiwewe cha vita. Madaktari huita PTSD ikizidi mwezi mmoja, na inaweza kuanza miezi mingi baada ya mtu kurudi, ndio maana watu husema mbona alikuwa sawa alipofika. Matukio yanarudi kwa ndoto ama akiwa macho, anahepa vitu vinavyomkumbusha (hiyo ya nyama nadhani umeelewa, usimlazimishe akae), hasikii furaha, na mwili unakaa macho saa zote. Inatibika. Kuna tiba ya kuzungumza na mtu aliyesomea mambo ya kiwewe hasa, na kuna dawa kama sertraline. Zile tembe za usingizi mtu ananunua dukani kiholela zisiingie hapo nyumbani.

Na wewe piga 116, ni bure, ni ya watoto, na una 16 bado ni mtoto hata kama unapika na kufua. Kaka ama mama wanaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, pia ni bure.

#6 FundiStima
Nesi heshima yako, lakini mbona tunarukia akili kabla ya kuangalia kichwa chenyewe? Binamu yangu gari lao lilikanyaga bomu la kutegwa. Hakutoka damu hata tone, wakamwambia una bahati. Mwaka mzima kichwa kinauma, taa ya mrija hawezi kuangalia, anasahau amefungua jiko la gesi, hasira za ghafla. Watu wakasema ni kiwewe. Daktari mmoja akamuuliza siku hiyo ulipoteza fahamu? Akasema kidogo. Kumbe ubongo ulitikiswa na ule mlipuko. Kadogo muangalie, anakunja uso kwa mwanga? Analalamika masikio yanalia?

#7 Kadogo_Umoja
Asanteni. Ndio hukunja uso, na tivii huweka sauti juu sana halafu anasema ina kelele. Sijui kama alikuwa karibu na bomu, hajawahi kusema chochote, nikiuliza anasema kulikuwa na jua.

Nesi kumeza hakuumi sasa. Mama sijamwambia. Nitamwambia.

#8 Mama_Chapo
Mimi sina masomo yenu lakini nitasema langu. Babu yangu mzaa mama alienda Burma na KAR, lile jeshi la Waingereza la Waafrika, vita vya pili. Aliporudi hakuingia nyumba. Wazee walimkalisha nje ya boma, akanyolewa, mbuzi akachinjwa, akaambiwa aseme yale anaweza kusema, na yale hawezi akayaacha hapo kwa nyasi. Ndio akaingia kwa nyanya. Sasa watoto wetu wanashuka kwa ndege wanapanda boda wanafungua mlango wanakaa chini kula chapati na damu ya watu iko kwa mikono. Si kuwalaumu, walitumwa. Lakini nani amewatoa huko? Nani amewaambia mmefika?

#9 Wakili_wa_Mtaa
Mama Chapo nakuheshimu lakini huyu mtoto akisikia damu kwa mikono atalala kweli? Hii ni sayansi. Watu walianza kuitambua juzi tu.

#10 NesiZamuUsiku
#9 si juzi. Vita vya kwanza vya dunia daktari Muingereza Charles Myers aliandika kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu na kuona, hiyo ni 1915. Jina la PTSD lenyewe liliingia kwa kitabu cha madaktari wa Marekani 1980, baada ya vita vya Vietnam. Na Mama Chapo hajakosea sana. Kuna watu wanaumwa na woga, na kuna watu wanaumwa na kile walifanya ama walishindwa kufanya, na hao wa pili dawa ya woga haiwatoshi. Kunyolewa na kuambiwa umefika nyumbani, mimi sicheki hiyo. Ila iende pamoja na hospitali.

#11 MtuWaTemeke
Salaam kutoka Dar. Mdogo wangu pole sana. Marehemu baba alipigana Vita vya Kagera, aliondoka mwishoni mwa 1978 akarudi mwaka uliofuata baada ya Amin kukimbia Kampala. Mimi nimezaliwa baadaye, kwa hiyo baba wa kabla ya vita sikumjua, namsikia tu kwa shangazi kwamba alikuwa mcheza ngoma hodari.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na handaki. Kina chake kifua cha mtu mzima, kingo zimekatwa kwa jembe zikanyooka. Sisi watoto tulidhani ni shimo la taka ambalo halijatumika, tulikuwa tunacheza humo kombolela. Mvua ikipiga bati usiku kwa nguvu baba alikuwa anatoka na kwenda kukaa humo, maji yanamfika magotini, na mama anasimama mlangoni na taa ya chemli anamwita taratibu, baba fulani, ni mvua, ni mvua tu. Kila masika. Shuleni nilikuwa nawaambia wenzangu baba yangu ni mlinzi wa usiku.

Hakuna aliyemtibu. Alikuwa mtu mwema. Naandika ili ujue kwamba wewe umeuliza ukiwa na miaka 16, mimi nilikuja kuuliza nikiwa na 40 na wa kumuuliza hakuwepo.

#12 Jembe_Kayole
Temeke umeniliza aisee. Na hicho Kiswahili kimefanya niketi wima, mtu anaandika mpaka nataka kusimama nimpe kiti.

#13 MtuWaTemeke
Karibu bwana Jembe. Nanyi Wakenya "ako" yenu mnaitoaga wapi?

#14 Jembe_Kayole
Ako ni yetu usiiguse haha. Turudi kwa mada.

#15 Namba_Mbili
Nimekuwa nikisoma hapa miaka mitatu bila kuandika. Kadogo hii ni yako.

Kwetu ni dada ndiye alikuwa jeshi, upande wa tiba. Mimi nilikuwa na miaka 14, tukiishi Kahawa West. Yeye hakuwa na hasira, yeye alikuwa anaosha mikono. Anaosha, anapangusa, ananusa vidole, anarudi sinki. Sabuni ya mche ilikuwa inaisha siku mbili. Mama anasema mwacheni ni msafi. Usiku nilikuwa nasikia mfereji, na nilikuwa nahesabu, ikifika mara ishirini najua leo ni mbaya.

Kitu kimoja sikuambia mtu. Niliamini nikipata alama nzuri atapona. Hakuna mtu aliniambia hivo, nilijitungia. Nikawa nasoma kama mwendawazimu, nikipata A naiweka mezani mahali ataiona, anasema vizuri sana, halafu mfereji unafunguliwa. Nikaanza kumchukia. Halafu nikajichukia kwa kumchukia. Sasa mimi ni mtu mzima niko na mtoto na bado nikisikia mfereji usiku tumbo linakaza. Kwa hivo hiyo ya kuuliza kama ni wewe unamfanya hivo, naijua ilikotoka, na nakuomba uitupe.

Kitu kilisaidia nyumbani ni kidogo sana hata naona haya kukiandika. Alikuwa anashtuka mtu akitokea nyuma yake. Shangazi akaja kutoka Kitui akakaa siku mbili akaangalia, akasema hapa hakuna mtu anapiga hodi? Tukaanza kupiga hodi nyumbani kwetu wenyewe. Kutoka chumbani kwenda jikoni, hodi. Unatoka chooni, hodi. Na hauingii mpaka aseme karibu. Wiki ya kwanza ilikuwa mambo ya ajabu tu. Lakini nadhani ilimpa kitu, yeye ndiye anasema nani aingie na saa ngapi. Baadaye sana alienda kliniki, na huko ndiko alipata nafuu ya kweli, mikono ikapona ngozi. Lakini hodi ilitufikisha huko.

#16 Mama_Chapo
Uwiii. Hodi.

#17 Daktari_wa_Ng'ombe
Hakuna mtu amegusa hii. Kuna dawa ya kuzuia malaria inaitwa mefloquine, imepewa wanajeshi wa nchi kadhaa duniani. 2013 Wamarekani waliweka onyo kali kwa pakiti yake kwamba inaweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi, ndoto mbaya, kuona vitu, na kwa watu wengine haya yanaendelea hata baada ya kuacha. Aulizwe kule alikunywa dawa gani. Na kingine, anatafuna miraa? Maana macho usiku kucha na hasira za asubuhi zina maelezo mengine pia.

#18 KobeMzee
Daktari wa ng'ombe, miraa haimfungi mtu kamba za viatu. Lakini swali la dawa si baya, ataulizwa na daktari wake.

Mimi nitasema yangu ambayo haiko kwa kitabu cha nesi. Kule una watu, unakula nao sahani moja, unajua kukohoa kwa kila mmoja gizani. Siku unatoka jeshini unapewa karatasi unaenda nyumbani, na nyumbani kuna watu unawapenda kuliko wote lakini hakuna hata mmoja anajua wale wengine walikuwa wanaitwa nani. Mimi nilikaa Donholm miezi minane bila kuongea na mtu, nikiangalia kila dirisha la ghorofa lililo wazi. Kwa matatu nakaa nyuma kabisa na nahesabu watu, nahesabu mifuko, mfuko ukizidi mtu nashuka. Hata kama nimelipa. Bibi yangu alidhani nina mwanamke mahali kwa vile nilikuwa nachelewa.

Kilichonitoa ni simu ya mtu tulikuwa naye. Hakusema chochote cha maana. Aliuliza bado unakoroma? Kaka yako ana watu kama hao, mamako awatafute. Na kama anaweza kwenda, kuna ile hospitali ya jeshi Mbagathi, aulize haki yake ya matibabu ikoje kwa vile ametoka. Kadogo nikikutumia namba yangu umpe

#19 NesiZamuUsiku
Mzee hapana, namba usimpe mtoto hapa. Najua nia yako. Mamake ndiye aandike kwa wasimamizi wa jukwaa, wao wawaunganishe.

#20 KobeMzee
Kweli kabisa nesi. Nisamehewe.

#21 Wakili_wa_Mtaa
Na hospitali ya akili ya Mathari pia iko, hapo Thika Road, wana kliniki ya mtu kwenda na kurudi nyumbani, si lazima alazwe. Najua watu wataanza kusema Mathari ni ya wazimu. Mimi nimeenda. Sitasema zaidi ya hapo.

#22 Jembe_Kayole
Wakili heshima.

Mama Chapo umesema Burma nikakumbuka kitu. Nauza viatu Kariokor miaka sita, juzi ndio mzee mmoja aliniambia jina limetoka Carrier Corps, wale wapagazi wa vita vya kwanza walibebeshwa mizigo ya Waingereza kumfuata Mjerumani.

#23 MtuWaTemeke
Na Kariakoo yetu vilevile, asili hiyohiyo.

#24 Namba_Mbili
Zile sanamu tatu za askari Kenyatta Avenue ni za hao, ziko hapo tangu 1928. Imeandikwa wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watakumbuka jina lako. Huwa napita nikienda kazini. Dada yangu hapiti upande huo. Ya mtu akirudi hai haijaandikwa pale.

#25 FundiStima
Tumetoka Umoja tumefika 1914. Mtoto ako wapi? Kadogo uko sawa?

#26 Kadogo_Umoja
Niko. Mrejesho, samahani nimechukua siku nne.

Nilimwambia mama. Nilivua sweta tu sikusema kitu. Alikaa chini na begi la kazi bado liko begani. Sikupigwa, hakupiga kelele, alienda akakaa sakafuni karibu na kaka wakakaa hivo, na mimi nikaenda kupika. Sasa nalala kwa jirani siku mama ako zamu, kaka mwenyewe ndiye alisema. Alisema mimi nikilala hapo yeye halali. Hiyo iliniuma lakini mama anasema niielewe vizuri.

116 nilipiga, nililia tu mara ya kwanza, mara ya pili nikaongea.

Ijumaa mama alimpeleka kliniki. Walifika geti, kukawa na foleni na mlinzi wa kupekua mifuko, kaka akageuka akarudi nyumbani kwa mguu. Mama amekasirika, mimi sijui. Kobe mama ameandikia wasimamizi.

Hodi nimeanza. Siku ya kwanza aliniangalia tu. Ya pili akauliza nani amekufunza hiyo, nikasema watu. Jana nikitoka kuoga nikapiga akasema karibu bila kugeuka, alikuwa anakata mpira wa ndani wa baiskeli yangu ya zamani vipande vipande. Ameugundi kwa fremu ya ule mlango wa chuma wa nje ambao hupiga kishindo. Sasa ukifunga hausikii kitu. Jirani amekuja kuuliza kama anaweza kumwekea na yeye.

#27 Mama_Chapo
Asante Mungu. Lakini mbuzi bado nasema mbuzi. Mwambie mama.

#28 NesiZamuUsiku
Kufika geti ni kufika. Mwombeni siku ambayo hakuna foleni, mkapige simu mbele mwulize ni asubuhi ama mchana, na aende na mtu wa jeshi mwenzake si mama. Umefanya vizuri Kadogo, sasa rudi kwa vitabu.

#29 FundiStima
Na kichwa kipimwe! Mwambieni daktari kuhusu mwanga na masikio, watu husahau kusema. Unaweza kumuuliza leo kama aliwahi kupoteza fahamu?

#30 Kadogo_Umoja
Leo hapana, amelala. Viatu bado amevaa lakini kamba amefungua.